Mstari wa Kisigino

Siku za bamvua, watoto wa Kilwa Masoko hawana uwanja jioni. Bahari hujaa mnamo saa kumi, na ufuko wa Jimbizi hubaki ukanda mwembamba wa mchanga mkavu usiofaa hata kupigia danadana. Lakini kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, na siku ya tano hivi baada ya mwezi mpevu, kupwa huangukia alasiri, watoto wakiwa wametoka shule. Hapo mchanga hutanuka, mgumu na wenye unyevunyevu, na mpira hudunda juu yake vizuri kuliko kwenye viwanja vingi vya wilaya. Ratiba ya ligi hii hupangwa na mwezi, na sijasikia hata mara moja kwamba mechi imeahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa bodi ya ligi.

Mimi hukaa chini ya mvinje na kutazama makipa. Wenzangu huwatazama wafungaji, na sina ugomvi nao, ndio wanaolipiwa viingilio. Ila mfungaji unamwona pale tu anapofanya kazi yake. Kipa unaweza kumtazama dakika zote, maana hata asipoguswa na mpira yuko kazini, na kazi yenyewe inaonekana ukiwa na subira.

Jioni moja alikuwepo kipa wa miaka kumi au kumi na moja, jezi imemfika magotini, goli lake fito mbili za mkoko. Kabla mchezo haujaanza alisimama kwenye ufito wa kushoto, akatembea hadi wa kulia akihesabu nyayo, kisigino kwa kidole, akarudi nusu ya hesabu yake. Hapo akakandamiza kisigino mchangani na kukiburuta mbele hatua mbili, akaacha mstari kama mfereji wa kaa. Akaukagua. Akarudi kusimama. Nikadhani ni mchezo wa mtoto. Mpira ulipotoka upande wa pili nikamsogelea. Akaniamkia, nikaitika, nikamuuliza ule mstari ni wa nini.

"Nisigeuke, babu."

Alinijibu kwa adabu ila bila kuniangalia, macho yakiwa kwa wenzake wanaoufuata mpira majini. Umri wa kuitwa babu sijaufikia sawasawa, lakini mvi hazina wakili. Nikarudi chini ya mvinje na lile neno moja.

Kipa ni mchezaji ambaye kitu anachokilinda kiko mgongoni kwake. Beki anamwona anayemkaba. Straika analiona goli analoliendea. Kipa amekabidhiwa mlango akaambiwa aupe kisogo, na akigeuka kuutazama hata kwa robo sekunde, robo hiyo amempa mpigaji. Ndiyo maana makipa wa kulipwa, wenye glovu za bei ya mbuzi, hufanya vilevile alivyofanya yule mtoto: kabla ya mechi utawaona wakikwaruza nyasi kwa njumu kutoka katikati ya goli kuelekea mbele. Kwa sheria, mchezaji anayechora alama asizoruhusiwa uwanjani anastahili kadi ya njano, na hapo utajiuliza marefa huwa wanaangalia wapi. Ile alama ndiyo dira. Kipa akitoka kuziba pembe, akarudi nyuma, akasogea kushoto kufuata krosi, huitupia jicho la chini, mara moja, akajua nguzo ziko wapi. Mwenye uzoefu hahitaji hata hiyo. Anajua goli liko wapi kama mtu anavyojua mlango wa chumba chake usiku umeme ukikatika.

Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Ukisimama katikati yake peke yako, ukanyoosha mikono, ndipo unapoelewa kwamba hakuna binadamu wa kulijaza. Kazi ya kwanza ya kipa basi ni ya hesabu, hata kama hesabu za darasani zilimshinda. Akibaki kwenye mstari, mpigaji anaona goli zima na kijitu katikati. Akisogea mbele hatua tatu, goli linapungua machoni mwa mpigaji. Akisogea nane limekwisha kabisa, lakini sasa juu yake kumebaki anga, na mpigaji mjanja atamwinulia mpira kichwani ukaangukie nyavuni taratibu, aibu ambayo watu huichekea hadi barazani. Kati ya hatua tatu na nane kuna mahali pamoja panapofaa, na mahali hapo huhama kila mpira unapohama. Mtazame kipa mzuri mpira ukiwa mbali, kwenye duara la kati: anatembea. Hatua moja kushoto, nusu nyuma, moja mbele. Mtazamaji wa haraka hudhani kijana hajatulia. Ukweli ni kwamba anaiweka hesabu sawa muda wote, ili shuti likija asiwe na la kukokotoa.

Halafu shuti linakuja. Chukua penalti, maana ndiyo rahisi kupimika. Mpira uko mita 11. Ukipigwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, unafika golini kwa sekunde 0.4. Jicho na ubongo vinataka karibu nusu ya muda huo ndipo mwili uanze kuitikia, na mwili wenyewe ukishaanza hauwezi kufika kwenye pembe kabla ya mpira. Kwa hesabu hiyo penalti nzuri haidakiki. Lakini hudakwa, kwa sababu kipa hasubiri mpira uondoke. Anasoma. Macho yake hushuka kutoka usoni mwa mpigaji, ambako kuna uongo mwingi, hadi kwenye nyonga na ule mguu wa kusimamia, ambao hauna ujuzi wa kudanganya kwa sababu ndio unaobeba mwili. Mguu huo unapotua pembeni ya mpira, kidole gumba chake huwa kimeshatamka jambo. Kipa anaruka kwa neno hilo. Sheria tangu 2019 inamtaka awe na walau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari mpira unapopigwa. Zamani ilimtaka yote miwili. Huruma ndogo, lakini muulize kipa kama ni ndogo.

Na hapa ndipo akili inapoingia, kwa mlango usioutarajia. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli walichapisha hesabu ya penalti 286 za ligi na mashindano makubwa. Penalti karibu 29 katika kila 100 zilipigwa katikati ya goli. Makipa waliobaki wamesimama katikati walikuwa kama 6 katika kila 100. Kwa hesabu tupu walipaswa kubaki mara nyingi zaidi, maana waliobaki walizuia nyingi kuliko walioruka. Kwa nini wanaruka? Maelezo ya watafiti yalihusu aibu. Kufungwa ukiwa umeruka ni bahati mbaya. Kufungwa ukiwa umesimama ni uzembe. Uwanja mzima unasamehe jezi iliyochafuka. Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu, kwa sababu nimehudhuria vikao vingi vya kijiji ambamo mtu huinuka kusema ili tu asionekane amekaa.

Kwa hiyo ujasiri wa kipa mara nyingine ni wa kutofanya kitu mbele ya watu elfu sitini.

Kipa wa kumtaja katika nchi hii ni Juma Kaseja. Alizaliwa Kigoma, mbali na bahari yetu, na kwa kimo hakuwa mrefu kwa kipimo cha makipa. Kila msimu alitokea mchambuzi wa kulikumbusha taifa jambo hilo kana kwamba limesahau. Mwaka 2003, mwaka ambao Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji na sisi watu wa Kusini tukaachana na kivuko cha Ndundu, klabu ya Simba ilikwenda Cairo kucheza na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 kule, ikaja penalti. Golini alisimama kijana ambaye hata miaka ishirini hakuwa ametimiza. Simba ikapita kwa 3-2, penalti ya mwisho akaiweka Christopher Alex, na jina la Kaseja likaingia midomoni mwa watu hadi leo.

Hadithi ya usiku mmoja hata wenye bahati wanayo. Ninachokistahi kwa Kaseja ni miaka 16 iliyofuata. Alihamahama: Simba, Yanga, Mbeya, Kagera, KMC. Aliitwa mzee akiwa bado anadaka. Akaachwa Taifa Stars kwa miaka. Kisha mwaka 2019 akaitwa tena, na Agosti akaenda Nairobi kwenye mechi ya kufuzu CHAN, sare kavu, penalti, Tanzania 4-1 Kenya. Mwezi uliofuata, Septemba 8, Dar es Salaam, kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi: 1-1, penalti tena, na Burundi hawakufunga hata moja. Mtu wa miaka 34. Magoti ya 34 hayaruki kama ya 18, hilo halina mjadala. Kilichoongezeka ni maktaba: maelfu ya miguu ya kusimamia aliyoisoma Mwanza, Mbeya, Tanga na Bukoba. Mwili ulikuwa umeanza kutoa na akili ikawa bado inajumlisha, na jioni ile hesabu ilikuwa upande wake.

Tuurudie mwili, maana haya ya akili hayasimami bila miguu. Kipa hupiga mbio fupi kuliko wote uwanjani na watu hudhani anapumzika. Mwangalie mpigaji anapokaribia kupiga: kipa huruka kidogo, kijiruko cha vidole vya miguu, kimo cha sahani, akatua magoti yamelegea na uzito uko mbele. Asipofanya hivyo visigino vinakuwa vimeng'ang'ania ardhi, na kuving'oa kunakula sehemu ya ile sekunde 0.4. Akifanya mapema sana anakuwa angani mpira unapopigwa, na aliye angani hana pa kujisukumia. Kijiruko hicho lazima kitue pale pale mguu unapogusa mpira. Hufunzwa kwa kurudiwa mara elfu na elfu nyingine, hadi kitoke chenyewe kama kupepesa jicho.

Kisha kuanguka. Mtoto huanguka kwa kiwiko na goti, ndiyo maana makipa wa mtaani wana makovu. Fundi huanguka kwa ubavu: kwanza upande wa goti na paja, kisha nyonga, kisha bega, mkono ukiwa umeshatangulia na mpira, kama jahazi linavyolala upande maji yakipwa. Mpira wa chini unadakwa kwa mkono mmoja nyuma yake na mwingine juu yake, ardhi ikiwa mkono wa tatu. Mpira wa kifua unadakwa vidole gumba vikikaribiana nyuma ya mpira, na viwiko vinarudi nyuma kidogo ili kasi ife polepole. Viwiko vikikakamaa, kipa anautema, na mbele yake daima kuna mtu mwenye njaa aliyekuja kwa ajili ya kutemwa huko tu. Na si kila mpira ni wa kudaka. Kuna wa kupangua nje ya nguzo, kuna wa kupiga ngumi kwenye msongamano wa kona, kuna wa kuusindikiza kwa macho ukipita juu ya mwamba. Uamuzi huo nao una muda uleule.

Mchanga wa Kilwa unafundisha nusu ya haya bure. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakakuta kukimbia mchangani kunakula nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Kijana aliyejisukuma kwenye mchanga tangu utotoni ana mashavu ya miguu ambayo kocha wa mjini huyakodolea macho. Na anaanguka bila woga, kwa sababu mchanga haumuumizi. Lakini nao mchanga una uongo wake. Mpira unakufa ukitua kwenye sehemu kavu, unateleza kwenye sehemu yenye maji, na kijana akizoea hivyo akapelekwa kwenye nyasi bandia za uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, ambako mpira ukidunda haupotezi kasi sana, wiki mbili za kwanza atakuwa anafika wakati mpira umeshapita. Hapo ndipo vipaji vingi vya pwani hugeuza njia kurudi kwa wazee wao. Wanaobaki ni wale wanaokubali kuwa wanafunzi upya wakiwa na umri wa kuitwa nyota wa mtaa. Nchini kwetu tunasema "mpira wa mchangani" tukimaanisha mpira usio na ligi rasmi. Kwa Kilwa neno hilo ni maelezo ya ardhi.

Niseme na langu. Nilikuwa kipa wa shule, kwa sifa moja tu: nilikuwa mrefu. Katika mechi ambayo bado naiona, mpira ulikuwa mbali, na mimi nikaingiwa na wasiwasi kwamba nimesogea sana kulia. Nikageuka kutazama nguzo. Niliposikia kelele na kurudisha uso, mpira ulikuwa umeshapita kwapani kwangu, polepole kabisa, kama mgeni anayejua njia. Hakuna aliyenisema. Hilo ndilo lililonimaliza. Kipindi cha pili kizima nilikuwa bado niko kwenye lile bao la kwanza, na hivyo nikafungwa mengine matatu nikiwa sipo. Mwalimu wa michezo alinihamishia kwenye kukimbiza kijiti, ambako angalau kila mtu hutazama mbele.

Mabao yale matatu ndiyo yaliyonifundisha nini wenzangu wanacho ambacho mimi sikuwa nacho. Straika akikosa mara tano akafunga la sita, jioni hubebwa mabegani. Kipa akiokoa mara tano akakosa la sita, jioni hutafutwa. Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna akili inayosalimika isipojifunza kufunga mlango baada ya kila bao. Makipa wana vitendo vyao vya kufungia: mmoja huenda kunywa maji kwenye chupa iliyo pembeni ya nguzo, mwingine hufungua na kufunga glovu upya, mwingine hupiga nguzo zote mbili kwa njumu. Ukimtazama utadhani ni mazoea tu. Anafuta. Mpira ukianza tena kati, bao lile liwe limekuwa la jana.

Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1. Golini mwa Simba alikuwa Aishi Manula, kipa bora wa ligi mara kadhaa, ambaye alikuwa ametoka kwenye majeraha ya muda mrefu. Nililiona pambano lile kwenye banda la video lililojaa hadi milangoni, na nusu ya banda ilikuwa inacheka. Mimi niliangalia mikono yake baada ya bao la nne. Alikuwa bado anawapanga mabeki: huyu asogee, yule ashuke, mikono ikielekeza kama trafiki wa makutano ambako ajali imeshatokea. Sijui ndani yake kulikuwaje. Nje aliendelea kufanya kazi, na kwa jicho langu hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi ya ufundi huu.

Mkoa wetu nao umeipitia shule hiyo, kwa jina la timu ya Namungo. Ruangwa iko ndani, si pwani, lakini ni Lindi, na uwanja wa Ilulu pale Lindi mjini umewahi kuwa nyumbani kwao pia. Walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, wakamaliza wa nne, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1. Wauaji wa Kusini, wakajiita, na Afrika ikawafungulia mlango. Februari 2021 walikwenda Luanda kucheza na 1º de Agosto ya Angola. Baadhi yao wakaambiwa wana korona, msafara ukawekwa karantini, mechi ikafa. Mtu anayejua mwili wa mchezaji ataelewa maana ya kufungiwa hotelini siku kadhaa: misuli inalala, usingizi unavurugika, na kichwa kinacheza mechi ambazo hazipo. CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo wakashinda 6-2. Ya pili wakafungwa 3-1, wakapita kwa 7-5 na kuingia makundi, ambako Raja Casablanca, Pyramids na Nkana waliwatoa bila pointi hata moja.

Nazitazama namba hizo kwa jicho la kipa. Mabao saba ya furaha, matano ya kuhesabiwa. Kisha mechi sita za kwenda golini ukijua kwamba mwisho wa mechi iliyopita ulitoka umeinamisha kichwa. Miongoni mwa waliodakia Namungo miaka hiyo ni Jonathan Nahimana, Mrundi aliyekuwa na timu yake ya taifa kwenye AFCON ya 2019 Misri. Huko nako Burundi walifungwa mechi zote tatu. Na alirudi kuvaa glovu, msimu baada ya msimu, Ruangwa, kwenye mikorosho na vumbi jekundu.

Kuna pia la basi, ambalo wachambuzi wa studio hawalitaji. Timu ya Ruangwa ikienda kucheza Bukoba inaivuka nchi kutoka pembe hadi pembe. Kipa mwenye mita 1.9 anakunjwa kwenye siti siku mbili, nyonga zinakaza, kisha anatakiwa ajinyooshe hadi kwenye pembe ya juu. Wanaofaulu hujitunza kwa mambo madogo yasiyo na picha: kushuka kila basi linaposimama na kunyoosha nyonga kando ya wauza mahindi, kunywa maji kabla ya kiu, kulala mchana bila simu. Mwezi wa Ramadhani, baadhi ya timu zenye vijana wa pwani husogeza mazoezi hadi baada ya futari na tarawehe, na kipa hujifunza kudaka chini ya taa, ambako mpira wa juu huzaliwa ghafla kutoka gizani.

Wengine huongeza na mengine. Nchini kwetu kuna kile kiitwacho kwa heshima "kamati ya ufundi", yaani ya uganga, ambayo haina uhusiano na kocha, na klabu kubwa zimewahi kupigwa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja. Sicheki sana. Mtu anayesimama peke yake siku nzima akingoja sekunde 0.4 ana haki ya kutafuta pa kushika. Ila nimegundua kwamba makipa wanaodumu hushika kitu wanachokijua wenyewe: hesabu ya hatua, pumzi tatu ndefu, mstari wa kisigino.

Na sauti. Ukiwa karibu na uwanja mdogo usio na jukwaa utaisikia. "Yangu!" maana yake mabeki wote wakae pembeni, na ikishatamkwa haibatilishwi, kipa anayesema "yangu" akasita ndiye anayevunja pua za watu. "Toka!" "Mtu nyuma!" "Tulia, tulia!" Na si mdomo tu: tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, hivyo naye amekuwa mchezaji wa miguu, Djigui Diarra wa Yanga anagawa pasi kama kiungo, na mashabiki wake wamempa jina la kile kioo cha kukingia simu. Na tangu 2025 akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona. Lakini ndani ya sekunde hizo nane, mpira ukiwa kifuani mwake, timu nzima inashusha pumzi. Kipa mkubwa anajua lini wenzake wanahitaji zote nane, na lini wanahitaji mbili tu, mpira utupwe haraka kwa winga kabla adui hajajipanga.

Mnamo saa kumi na moja na nusu siku ile, maji yalianza kurudi Jimbizi. Kwanza ufito wa kulia ukasimama kwenye utando wa povu, kisha mguu wake ukamezwa, na mpira uliopigwa upande huo ukawa unaelea badala ya kubingirika. Walikuwa sare, nadhani mbili kwa mbili, ingawa hesabu za watoto hubishaniwa hadi magharibi. Hakuna aliyetangaza mapumziko. Kipa alizing'oa fito zake mwenyewe, zote mbili, akazipandisha juu kuelekea minazi, akazichimbia. Wenzake walikuwa wameshaanza kumpigia kelele aharakishe, adhana iko karibu. Hakuharakisha. Akasimama kwenye ufito wa kushoto, akatembea hadi wa kulia, kisigino kwa kidole, akarudi nusu. Akakiburuta kisigino hatua mbili mbele kwenye mchanga mpya, mkavu kidogo, ambao haukushika mstari vizuri, ikabidi aupitie mara ya pili. Kisha akakipa kisogo alichokipima.

"Haya," akasema.